Kiti mwendo alipewa uwanjani, lakini aliyemsaidia mwanangu ni aliyefika nyumbani: tujadili huduma za watu wenye ulemavu huku vijijini na mitaani

Mleta uzi (Muheza, Tanga)

Habari zenu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Hakai bila kuegemezwa, na hasemi kwa maneno ingawa macho yake yanasema mengi na sisi wa nyumbani tunamwelewa. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, ilisomwa taarifa ya watu wenye ulemavu waliokwisha kuhudumiwa, na mwanangu alikuwa miongoni mwao kwa kuwa miaka mitano iliyopita alipewa kiti mwendo. Nilirudi nyumbani na uchungu, nami naomba nieleze kiti kile kilifanya nini, na nini hasa kilimsaidia mtoto huyu.

Kiti kilitolewa uwanjani pamoja na vingine vingi, mbele ya wageni. Mwanangu alikuwa na miaka 4, na kiti kilikuwa cha mtu mzima. Nilipompakata na kumweka, nyonga zake zilichukua nusu tu ya kikalio, mwili ukalalia upande wa kulia, na miguu ikaning'inia bila kufika pa kukanyagia. Kwenye picha iliyopigwa siku ile hauonekani mkono wangu wa kushoto, kwa sababu ulikuwa nyuma ya mgongo wake ukimzuia asianguke. Tulipofika kwetu, magurudumu madogo ya mbele yalizama kwenye mchanga kabla hatujafika mlangoni, tukakibeba kiti na mtoto mbalimbali. Baada ya wiki mbili kiti kilikuwa kinaanikiwa nguo. Siwalaumu waliotoa, kwa maana walitoa kwa moyo, na sikuwa na ujuzi wa kuwaambia kwamba kiti hakimfai.

Miezi michache baadaye alifika mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa utengamao, yaani wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu aweze kufanya shughuli zake za kila siku, katika mradi uliokuwa ukitembelea kaya. Alikuja kwa baiskeli, akakaa nami mkekani, na jambo la kwanza aliloniomba ni nimlishe mtoto kama ninavyomlisha siku zote. Nikamlaza chali mapajani, kichwa kikiwa kimelegea nyuma, nikaanza kumtilia uji kwa kijiko. Alinitazama vijiko vitatu au vinne, kisha akanishika mkono taratibu na kunieleza kwamba mtoto akilazwa hivyo, sehemu ya uji huingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na huenda ndiyo sababu tulikuwa tukilazwa kwa nimonia mara kwa mara. Akanionyesha namna ya kumkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, na kijiko kikija kwa mbele, usawa wa mdomo, badala ya kushuka kutoka juu. Mlo uliokuwa wa dakika 15 ukawa wa karibu saa nzima. Mwaka uliofuata hatukulazwa hata siku moja.

Safari ya pili alikwenda kumwita jirani yetu seremala. Kwa mabaki ya mbao wakatengeneza kiti cha kona, yaani mbao mbili zilizokutanishwa kama kona ya ukuta, ubao wa kukalia, mkanda wa kitambaa kiunoni na kijimeza mbele. Siku mwanangu alipokaa pale kwa mara ya kwanza aliwaona kuku wakipita uani akiwa amekaa kama watoto wengine, akacheka mpaka bibi yake akatoka jikoni kuja kutazama. Kiti kile hakikugharimu hata kidogo ya kile cha uwanjani.

Mradi ukaisha na yule mama hakurudi tena. Tangu hapo hakuna mtu aliyepiga hodi kwangu kwa ajili ya mtoto huyu, ila waandikishaji.

Sasa hoja yangu ni hii. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sheria hiyo inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mkoa na halmashauri mpaka kijiji na mtaa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa 11.2% ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, ambao ni zaidi ya mmoja katika kila watu kumi. Kwa hiyo sheria tunayo, hesabu tunayo, na vifaa navyo vinaletwa kila baada ya muda. Kinachokosekana ni mtu anayefika nyumbani, akarudi tena, na tena. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka 5. Hao watapita kaya kwa kaya kuulizia wajawazito, chanjo na kifua kikuu. Naona hapa ndipo pa kuanzia: kila mhudumu afundishwe walau kumkalisha, kumlisha na kumgeuza mtu asiyejiweza kugeuka, kutambua mtoto anayechelewa kukaa au kusikia, na kujua ampeleke wapi.

Naomba tuelezane kwa uzoefu. Huko mliko, nani anafika nyumbani? Na kamati ya kijiji au mtaa wenu, je, inakaa vikao?

Fundi wa viti mwendo (Moshi)

Pole sana dada, na hongera kwa kumtunza mtoto. Nilisomea kazi hii katika chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC hapa Moshi, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, kwa hiyo naomba niseme kidogo kwa upande wetu mafundi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo kama zetu. Ndani yake huduma ya kiti imepangwa kwa hatua 8: kupokea rufaa, kumpima mtu na mazingira yake, kuandika kiti kinachomfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha yeye na mlezi, na mwisho kufuatilia na kutengeneza kinapoharibika. Kinachofanyika uwanjani ni kipande cha hatua moja kati ya hizo. Ndiyo maana unaona viti vinaanikiwa nguo nchi nzima.

Kwa mtoto wako ni suala la kukaa vibaya, lakini kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo ni suala la uhai. Mtu huyo hasikii maumivu sehemu za chini. Ukimkalisha kwenye kitambaa kilicholegea bila mto unaofaa, mifupa ya makalio inagandamiza ngozi kwa saa nyingi, damu haipiti, na kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Nimewaona vijana waliopona ajali ya bodaboda wakafa miaka miwili baadaye kwa kidonda. Mtu huyo anahitaji mto, anahitaji kufundishwa kujiinua au kuinama mbele kila baada ya nusu saa hivi, na anahitaji mtu wa nyumbani wa kumkagua ngozi kila jioni. Hayo hayawezi kukabidhiwa uwanjani.

Kuhusu mchanga wa kwenu: viti vyenye gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali, yaani vya magurudumu matatu, hupita vizuri zaidi kwenye njia mbovu kuliko vile vya hospitalini vyenye vigurudumu viwili vidogo. Tena hakikisha matairi yanalingana na ya baiskeli zinazouzwa kwenu, la sivyo pancha moja itamrudisha mtoto mkekani.

Chukua utepe wa fundi cherehani, mkalishe mtoto kwenye kile kiti cha kona, na unipimie vitu vinne: upana wa nyonga, urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na kutoka kikalio hadi kwapani. Niandikie hapahapa.

Baba wa binti kiziwi (Tabora)

Ndugu mleta uzi, nakuunga mkono, ila naomba tusisahau kwamba huduma ya nyumbani si ya viungo peke yake.

Binti yangu ana miaka 17 na ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Hapa Tabora tuna shule ya msingi ya viziwi iliyoanza mwaka 1963, ya kwanza nchini, na naishukuru sana kwa sababu huko ndiko alikopata lugha. Lakini nataka mfikirie jambo hili. Mtoto anakwenda bweni akiwa hana lugha yoyote zaidi ya ishara chache za kuomba maji na chakula. Anarudi likizo ya kwanza akiwa na lugha kamili ya alama, anaweza kusimulia, kuuliza na kubisha, na nyumbani hakuna hata mmoja wetu anayemwelewa. Akawa mgeni kwake. Mke wangu alikuwa akimtazama mikono inavyokwenda, kisha anamwekea chakula, kwa sababu chakula ndicho alichojua kumpa.

Nilijifunza mimi, polepole, kwa yeye mwenyewe kunifundisha. Shida yangu ya sasa ni kubwa zaidi. Akiumwa tunakwenda zahanati pamoja, muuguzi anauliza, mimi natafsiri. Ni binti mkubwa sasa, na yapo maswali ambayo haifai baba amuulize bintiye wala binti amjibu babaye. Mwezi uliopita aliulizwa swali la namna hiyo, akanitazama, akainamisha macho, akajibu kwamba hana tatizo. Tulitoka na dawa za homa. Baada ya siku nne ndipo shangazi yake akagundua kilichokuwa kinamsumbua.

Kwa hiyo katika hao wahudumu unaowasema, naomba wawepo wanaojua lugha ya alama. Kama kila kata ingekuwa na watu wawili tu, na mmoja wao awe mwanamke, binti yangu angekuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimekuwa kikidai wakalimani kwa miaka mingi, na hili si jambo la anasa.

Afisa ustawi wa jamii (Kanda ya Ziwa)

Ndugu zangu, nimesoma yote na mengi ni kweli. Naandika kama mtumishi, bila kutaja halmashauri yangu.

Mimi nahudumia kata tano. Kwa wiki moja napokea migogoro ya ndoa, watoto waliotelekezwa, wazee wasio na msamaha wa matibabu, na kesi za ukatili ambazo haziwezi kusubiri. Pikipiki ipo, mafuta ni ya kuomba. Nikipanga kumtembelea mtu mwenye ulemavu kijiji cha mbali, simu moja kutoka polisi inafuta ratiba yote. Sisemi haya kujitetea. Nasema ili ijulikane kwamba huduma ya kurudi mara kwa mara haiwezi kusimama juu ya afisa mmoja wa ustawi, hata awe na moyo wa namna gani, na kwa hiyo wazo la kutumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni la maana.

Kuhusu kamati: mara nyingi majina yapo kwenye faili la mtendaji, wajumbe wenyewe hawajui kama ni wajumbe. Njia ya kuifufua ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwandikieni mtendaji wa kijiji barua kabla ya mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata na ofisi ya ustawi, mkiomba ajenda ya kamati ya watu wenye ulemavu iingizwe. Ikishaingia kwenye muhtasari, inapanda ngazi, na huku juu hatuwezi kusema hatukuiona. Pia mtumieni balozi wa nyumba kumi. Katika kazi yangu hakuna orodha iliyowahi kushinda ile iliyo kichwani mwa balozi, kwa maana yeye anajua hata mtoto anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja.

Niongeze juu ya fedha. Halmashauri zinatenga 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 4% ni ya wanawake, 4% ya vijana na 2% ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwangu mimi ile 2% ndiyo inayochelewa kuombwa, na sababu ninaiona kila siku: mkopo unahitaji mtu awe na mradi, na mradi unahitaji mikono miwili iliyo huru. Mama anayemgeuza mtoto kila baada ya saa mbili hana mikono hiyo. Wapo waliofanikiwa, na karibu wote walikuwa na mtu wa kuwapokea mtoto kwa nusu siku.

Muuguzi (Mwanza)

Nachangia mfano mmoja kwa anayedhani kwamba mambo yanaisha hospitalini. Watoto wanaozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopindia ndani, wanatibika vizuri sana bila upasuaji mkubwa. Wanafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki tano hadi saba hivi, mguu unanyooka mbele ya macho yako. Lakini baada ya hapo mtoto anatakiwa avae viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu mpaka afikishe miaka minne au zaidi. Wiki saba ni zetu, miaka minne ni ya nyumbani. Mtoto analia usiku, mkwe anasema mnamtesa, viatu vinavuliwa, mguu unarudi kama ulivyokuwa. Mtu mmoja wa kupita na kumwambia mama "vumilia, mwenzako wa mtaa wa pili naye alilia wiki ya kwanza tu" anaokoa kazi yote ile.

Mchangiaji asiyeona (Dodoma)

Naomba radhi kwa kuingia na sauti tofauti kidogo. Ninasikiliza uzi huu kwa simu inayonisomea, na nimegundua kwamba mpaka sasa wamezungumza mzazi, fundi, baba, afisa na muuguzi. Mwenye ulemavu mwenyewe hajasema.

Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa na miaka 26. Alifika mtu nyumbani, tena zaidi ya mara moja. Alipokuwa akifika alimsalimia mke wangu, akamuuliza mke wangu kama nimelala vizuri, akamwachia mke wangu maelekezo, na mimi nimekaa hapohapo kwenye kiti. Kufika nyumbani peke yake si huduma. Aliyenisaidia ni mzee mmoja asiyeona aliyekuja na fimbo nyeupe yake, akaniambia nisimame, akanitoa nje ya ua na kunifundisha kuhesabu hatua mpaka barabarani, kusikiliza ukuta kwa mlio wa fimbo, na kumwambia kondakta kituo changu kwa sauti ya mtu mzima badala ya kuomba. Alinifundisha kwa wiki tatu. Alijua wapi nitaogopa kwa sababu naye aliogopa palepale.

Ninachotaka kusema ni kwamba kamati na wahudumu mnaowazungumzia wawemo watu wenye ulemavu, wakiwa wajumbe na wakufunzi wenye posho kama wenzao. Sheria ile ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau 3% ya watu wenye ulemavu. Mpango ule mkubwa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni ajira, na mtu anayetembea kwa fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu matatu anaweza kutembelea kaya za mtaa wake. Nasikia jibu la kawaida litakuwa kwamba kazi ni ya kutembea sana. Mzee wangu alikuwa anatembea sana.

Mama (Mombasa)

Hamjambo majirani. Kwetu Kenya tunao mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011 na sasa uko chini ya Inua Jamii, ambapo kaya hupata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Unalenga yule anayehitaji mlezi muda wote, na fedha hupitia kwa mlezi. Zinasaidia, nasema kweli: kwangu zinanunua nepi na dawa ya kifafa za dada yangu ninayemtunza. Lakini ikiwa mnafikiria mpango kama huo, msiuache uwe mbadala wa mtu. Nilipewa fedha, nikaonekana nimehudumiwa, na kwa miaka miwili hakuna aliyekuja kuona kwamba magoti ya dada yangu yamekwisha kukunjamana kwa kukosa mazoezi. Hapa Mombasa tunayo karakana ya Bombolulu, ambapo watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono tangu mwaka 1969, na dada yangu alikuwa na ndoto ya kwenda kushona shanga huko. Magoti yangenyooshwa mapema, pengine angeweza kukaa kwenye meza ya kazi.

Mleta uzi (Muheza, Tanga)

Nawashukuru nyote, na nimewasoma zaidi ya mara moja.

Kaka wa Dodoma, umenigusa mahali nilipokuwa nimekosea. Niliporudia kusoma nilichoandika niliona kwamba nimeeleza kila kitu kuhusu mwanangu isipokuwa anachotaka yeye. Jana nilimwonyesha kile kiti cha uwanjani na kile cha kona, nikamuuliza kwa namna yetu. Alikitazama cha kona, kisha akatazama lango la ua, akarudia mara mbili. Nimeelewa kwamba anataka kiti cha kona kinachoweza kutoka nje. Sikuwahi kumuuliza kwa miaka mitano.

Afisa, nimefuata maelekezo yako. Barua nimeiandika kwa mkono, mtendaji ameipokea na kunigongea muhuri kwenye nakala yangu, na mkutano ni mwezi ujao. Balozi wetu nimekaa naye jioni nzima. Katika nyumba zake kumi alinitajia watu watano, na wawili kati yao hawamo kwenye orodha iliyosomwa mkutanoni. Mmoja ni mtoto wa miezi minne mwenye mgongo wazi, yaani alizaliwa uti wa mgongo haujafunga, ambaye mama yake ameambiwa na majirani asubiri akue kwanza. Nimekwenda kwake asubuhi hii. Kichwa kimeanza kuwa kikubwa na macho yanaelekea chini, na nilivyoelezwa na nesi wa zahanati hiyo ni dalili ya maji kujaa kichwani, jambo lisilosubiri. Tumepata rufaa ya hospitali ya mkoa, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, kimetoa nauli. Keshokutwa nasafiri naye.

Baba wa Tabora, katika wajumbe tutakaowapendekeza yumo kijana kiziwi anayefanya kazi ya kuchomelea vyuma hapa stendi. Amekubali, kwa sharti kwamba vikao viwe na mkalimani. Hatuna mkalimani. Dada yake anajua alama kiasi na ameahidi kuja kikao cha kwanza, na ombi la mkalimani tumeliweka liwe jambo la kwanza kwenye muhtasari, kabla ya jambo lingine lolote. Nimemweleza pia habari ya kiti kinachotoka nje. Ameshika vyuma viwili vya baiskeli, akanionyesha kwa mikono namna ya kuviunganisha chini ya ule ubao.

Fundi wa Moshi, vipimo hivi hapa, vimechukuliwa akiwa amekaa na bibi yake amemshika mabega: upana wa nyonga sm 24, nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti sm 33, nyuma ya goti hadi kisigino sm 29, kikalio hadi kwapani sm 31. Mguu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa karibu sm 1, nao nimeupima mara tatu. Niambie gurudumu la mbele liwe umbali gani kutoka kwenye miguu yake, ili mchomeleaji aanze Jumamosi.